Karatasi ya Kirikuu cha Jenoveva

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yaani uongo hata ukipambwa vipi hauendi mbali kabla ya kuumbuka. Kisa hiki ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje moja, mvua ya mawe na iangukie viazi vyangu tu, vya jirani vibaki salama.

Jenoveva wa Gare, kijijini kwetu milimani Lushoto, alikuwa mjane mchapakazi kama siafu. Miaka tisa aliwauzia kabichi madalali waliompangia bei huku wameegemea magari yao, kwani walijua hana usafiri. Alichokataa kuwapa kilimwozea barabarani. Mwishowe aliuza ng'ombe wake wawili ili anunue kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, moja kwa moja kutoka Japani, asimpigie dalali magoti tena.

Muuzaji wa huko alimtumia picha za kirikuu cheupe kama yai, kwa bei ya kutupa. Alituma pia karatasi ya ukaguzi, imeandikwa kwa mkono, Kijapani kitupu. Nani angeisoma? Watu wote wakanigeukia mimi, Hezekia, mstaafu wa misitu, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi nilikuwa nikiwasimulia jinsi nilivyoishi na mtaalamu wa miti kutoka Japani hadi tukawa tunaota ndoto kwa lugha moja.

Nilivaa miwani, nikafuata mistari kwa kidole. Niliwasomea kwamba mwenye gari alikuwa bibi mwalimu, akiliendesha Jumapili tu kwenda kanisani, na kwamba sakafu yake ingebeba tembo na mwanawe. Jenoveva akafanya ishara ya msalaba, akanipa jogoo. Kesho yake akatuma fedha.

Kirikuu kilifika baada ya miezi miwili na ushuru uliomtoa mama wa watu jasho. Safari ya kwanza tulipakia kabichi hadi juu, tukaanza kuteremka mlima kwenda sokoni Mombo, mimi nimeketi mbele kando ya dereva kama balozi. Kona ya tatu baada ya Soni, sakafu ya nyuma ilimeguka kama mkate uliolowa chai. Kabichi zikamwagika, zikashuka kona kwa kona. Naapa moja ilifika Mombo kabla ya basi, ikapata mnunuzi.

Nilifoka hadi sauti ikakauka. Jioni hiyo nilimtaka Esteria, binti wa Jenoveva aliye nesi, aandike malalamiko kwa muuzaji: tapeli, mwizi, mla jasho la wajane, asiye na haya wala mama. Esteria, aliyeniamkia shikamoo kwa adabu, aliandika kila tusi. Kisha akaomba ile karatasi aiambatanishe, akaielekezea simu yake. Kumbe simu za siku hizi husoma Kijapani na kukitoa kwa Kiswahili.

"Babu," alisema taratibu, "hapa pameandikwa: gari la nchi ya theluji. Sakafu imeliwa na kutu kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Lisibebe mzigo. Linauzwa kwa ajili ya vipuri."

Nikakohoa. Nikasema huenda hiyo ni lahaja ya kaskazini. Esteria akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaniuliza linasomwaje. Nikavua miwani, nikakiri. Yule mtaalamu nilimchemshia chai wiki mbili tu, tena alinisemesha kwa Kiswahili.

Jenoveva hakupandisha sauti. "Mzee Hezekia, sikukuomba ujue Kijapani. Nilikuomba unisomee. Ungesema hujui, ningemtafuta anayejua, na ng'ombe wangu wangekuwa zizini. Ulinicheka moyoni huku ukimla jogoo wangu." Kisha akauliza: "Ng'ombe wako wa maziwa anatoa lita ngapi?"

"Kumi na tano," nikajibu kwa mazoea.

Mama na binti wakanikazia macho.

"Saba."

Ijumaa mnunuzi kutoka Kwai alimchukua ng'ombe wangu. Fedha yote ilikwenda kwa fundi wa kuchomelea pale Lushoto, akaweka sakafu mpya ya chuma. Muuzaji niliyemwita mwizi ndiye peke yake aliyekuwa amesema kweli. Sasa kila alfajiri kirikuu hupita mlangoni pangu kimejaa kabichi, na madalali hukipisha. Mimi chai nainywa ya rangi.

Yangu ilianzia Gare, ikakatikia kona ya tatu chini ya Soni: kweli, njia ya mwongo ni fupi.