Machalari Bila Nyama

Kaeni vizuri, wapendwa, leo naanzia jikoni. Mliokuja hapa bila kunywa chai mtanisamehe.

Kulikuwa na mama mmoja, mpishi. Simaanishi mpishi wa kubahatisha. Mtu akitaka kuoza binti, kabla hajauliza ukumbi anauliza, "Mama Aikaruwa ana nafasi?" Akiwa hana, harusi inasogezwa! Na alichosifika nacho zaidi ni machalari, ile ndizi nyama ya Machame. Ndizi mshare, nyama yenye mafuta mafuta, vitunguu, vyote vinaiva taratibu kwenye sufuria moja mpaka ndizi inakunywa mchuzi na kulainika. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na usemi wake: "Mimi niliposa sufuria, mke akaja nayo."

Basi huyo mume akaanguka kazini. Moyo. Alilazwa, akapata nafuu, na siku ya kuruhusiwa daktari akamvuta mama pembeni.

"Mama, mishipa ya mzee imejaa mafuta. Nyama sasa basi. Ukimwonea huruma ukampa, usije kunililia mimi."

Mnanisikia? Mpishi wa machalari anaambiwa mumewe asile machalari.

Mama hakulia. Alikaza kanga kiunoni, akasema moyoni, nyama itatoka lakini machalari yatabaki. Alipika kwa maharage. Akampakulia mumewe, akayafunika vizuri kwenye hotipoti, akamwekea sebuleni, mezani, na kitambaa cha kunawia pembeni. Kisha akarudi jikoni kwa mabinti zake wawili, akafunga mlango, maana wao walikuwa na nyama yao na hakutaka harufu imfikie mgonjwa akatamani. Huruma hiyo, wapendwa. Nani kati yetu angemlaumu?

Alipokwenda kutoa vyombo, hotipoti ilikuwa imepungua vijiko vichache tu.

"Vipi, Baba Aikaruwa?"

"Ni mazuri, mama. Asante. Lakini kuna kitu kimepungua."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu."

Haya. Akaacha maharage, akaweka uyoga. "Ni mazuri, lakini." Akachoma bilinganya juu ya mkaa ili zishike moshi, akazimenya, akazichanganya na ndizi. "Mazuri sana leo, lakini." Dada mmoja wa kwaya akamshauri atie tui la nazi. Akamjibu, "Nazi nayo daktari kaikataza, dadangu, usinitie majaribuni." Akasaga karanga kidogo. Akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia kwa tone la mafuta ambalo hata mchwa lisingemtosha. Akatafuta soya, ile ya vipande inayojifanya nyama, akailoweka, akaikamua, akaitia viungo. Jikoni kote kukanukia kama sikukuu.

"Ni mazuri, Mama Aikaruwa. Lakini..."

Wenye ndoa mnalijua hilo "lakini". Ni neno dogo, ila linaweza kumfanya mtu aongee na mwiko. Mama alifika mahali anamenya ndizi huku anagomba peke yake: "Kitu! Kitu! Mtu mzima hajui anachotaka! Watu mia wanakula kwangu wanaramba vidole, yeye mmoja ananishinda!"

Na kama hayo hayatoshi, akaja wifi yake, dada wa mumewe. Akamwangalia kaka yake, akaangalia mkanda wa suruali uliotobolewa tundu jipya, akaingia jikoni moja kwa moja.

"Wifi, kaka yangu hajawahi kuchagua chakula tangu tuko watoto. Unampa nini humu?"

Wapendwa, wifi akikuuliza hivyo ndani ya jiko lako mwenyewe, unajibu nini? Mama aliendelea kumenya ndizi. Lakini aliumia, maana alichoona wifi kilikuwa kweli: mume alikuwa anakwisha. Kliniki walimpima, daktari akakunja uso. "Mafuta yamepungua, vizuri. Lakini huyu sasa anadhoofu. Msipoangalia, aliyepona moyo ataondoka kwa njaa." Mama alitoka pale akapitia sokoni. Alikuwa amepigana na nyama, sasa anapigana na kaburi, na silaha yake ni ndizi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alipika kama hajawahi kupika. Uyoga, bilinganya ya moshi, vitunguu vya kahawia, karoti, njegere, kila kitu kwa kipimo chake. Alionja akafumba macho. Akasema, leo akisema "lakini", mimi narudi kwetu.

Akapakua, akapeleka, akasimama mlangoni. Mume akachota kijiko kimoja. Akatafuna polepole. Akaweka kijiko chini.

"Ni mazuri, mama. Lakini..."

Ohoo! Yule mama alilipuka. "Lakini nini? Sema leo! Kama unataka nyama, nikuletee ule ufe, tuchimbe, tumalize! Nimeungua vidole, nimetukanwa na dada yako, nimeota bilinganya mpaka usingizini! Hebu sogea!" Akavuta kiti, akaketi mbele yake kwa kishindo, akamnyang'anya kijiko. "Nionje mwenyewe hicho kitu kilichopungua!"

Akala kijiko. Akala cha pili. "Kiko wapi? Nionyeshe! Chumvi ipo, ndizi imeiva!"

"Chumvi imezidi kidogo," akasema mume.

"Imezidi? Hii?"

"Onja pale pembeni."

Mabinti waliposikia kelele walikuja mbio wakidhani baba ameanguka tena. Wakawakuta wazazi wao wanagombea kijiko. Yule mdogo akacheka, akachukua ndizi kwa mkono. "Mama, chumvi imezidi kweli." Dada yake naye akavuta kiti ili aamue kesi. Hapo kila mtu anaongea, kila mtu anachota, baba anajitetea, mama anafoka, na katikati ya huko kufoka, kijiko kikagonga chini ya hotipoti. Tupu.

Baba akainua macho. "Yamebaki mengine?"

Mama akamtazama. Hasira ilikuwa bado haijamtoka. "Mengine? Si kuna kitu kimepungua?"

Yule mzee akapangusa mdomo. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama Aikaruwa, tangu nitoke hospitali, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuketi kwenye meza hii. Nilikuwa nawasikia mnacheka kule ndani, mlango umefungwa. Mlinitengea vizuri, sina neno. Ila mlinitenga."

 Mama aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya machalari yasiyo na nyama na sahani nne.

Sasa niwaambie ukweli, ndugu zangu. Sisi kanisa hili ni wapishi hodari. Mtu akiugua, tunachanga. Akifiwa, tunapeleka unga na mchele. Yule kijana aliyeacha pombe, tulimpongeza hapa madhabahuni, tukampigia makofi, na tangu siku hiyo hakuna sherehe hata moja tuliyomwalika, eti asije akajaribiwa! Yule mjane tumemwekea fungu lake, linafika kila mwezi, na anayelifikisha hazimi hata pikipiki. Halafu tunakasirika. Tunasema, watu hawa hawana shukrani, tumewapa kila kitu, bado wanakonda, bado wana huzuni, wanataka nini?

Wanataka nini? Mnaniuliza mimi?

Mungu alipotaka kutuokoa, hakutuma chakula akabaki jikoni na mlango umefungwa. Alikuja mwenyewe, akaketi, akala na watu ambao hakuna aliyetaka kukaa karibu nao. Wakamsema kwa hilo. Akaendelea kula.

Kila mmoja wetu, hivi ninavyosema, kuna jina limemjia. Usiangalie pembeni, ni lako. Ukitoka hapa leo nenda kwake, na usimpelekee bakuli lililofunikwa ukaliacha mlangoni. Nenda na njaa yako.