Mashine Mbili za Bi Mwanakheri

Hii msomee na mwenzio aliye karibu, ni tamu.

Bi Mwanakheri alifiwa na mumewe, akaachiwa ubao wa sataranji wa mninga. Marehemu aliuchonga kwa mkono wake, kete moja moja. Mjane mwenyewe hakujua hata farasi anarukaje.

Alipotoka eda, shemeji yake Makame, bingwa wa barazani, akaja kuutaka.

"Shemeji, ubao huu ukae kwa anayeujua. Wewe utaukatia vitunguu bure!"

"Ala! Na nikijifunza je?"

Makame akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya. Iddi Mosi tucheze mara moja. Ukinifunga, siutaji tena. Ukifungwa, naubeba."

Imebaki miezi mitatu tu! Bi Mwanakheri akatupia buibui, huyoo dukani. Alishasikia zipo mashine za sataranji, unacheza nazo peke yako, hazitaki simu wala mwenzio, betri tu.

Salha, binti wa dukani, akamtolea mbili. Moja kubwa, nyeusi, inameta, imewafunga mabingwa. Nyingine ndogo, ya wanaoanza: ukikosea inakuacha urudishe kete, na vitaa vyake vinakuonyesha pa kupita.

"Mama, chukua hii ndogo."

"Mwanangu, mie nna vita! Nipe dume."

Basi dume likamfunga wiki mbili mfululizo. Chai haijapoa, keshafungwa. Kakosea wapi, hajui. Mashine kimya, inangoja tu kumfunga tena. Ikafika hata ubao wa marehemu akawa hataki kuutazama. Hapo ndipo aliposhtuka, akairudisha.

Salha hakumcheka. Akampa ile ndogo. "Ngazi ya kwanza, mama. Anzia hapo."

Lo! Hii ilikuwa inakosea kama binadamu. Siku ya nne akaifunga! Akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

"Nani kaposwa?"

"Nimemkamata mfalme!"

"Mfalme wa wapi tena?"

Akapanda ngazi ya pili, ya tatu, ya sita. Kila alipokosea alirudisha kete, akatazama, akajua kwa nini.

Iddi Mosi nyumba ikajaa watu. Makame akakaa, lakini si yule wa barazani. Anawaza weee, jasho linamchuruzika, kisha anasogeza askari mmoja kwa woga.

Bi Mwanakheri akasogeza malkia wake. "Mfalme wako hana pa kukimbilia, shemeji."

Makame akaukagua ubao pembe zote. Kisha nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele!

"Lakini leo umekuwaje?" Bi Mwanakheri akamuuliza shemeji yake. "Si wewe uliye mkali kama pilipili?"

Makame akavua kofia. "Nilisikia una mashine, nikaingia hofu. Nikaenda dukani nikanunua kubwa kuliko zote, ile nyeusi, kuna mtu alikuwa kairudisha. Shemeji, haijaniachia hata mchezo mmoja! Miezi miwili nafungwa tu, hata nilichokijua kimenikimbia."

Bi Mwanakheri akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akapanga kete upya.

"Kaa hapo, tucheze tena. Na kesho njoo nikuazime yangu. Utaanzia ngazi ya kwanza."

Funzo: Mwalimu wa kukufaa si yule anayemshinda kila mtu, bali yule anayekukuta hapo ulipo, akakuvumilia ukikosea, akakupandisha ngazi moja moja.