Nungunungu na Udongo wa Kulamba Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo. Mwenye kutafuna atafune polepole, maana hii ni hadithi ya kinywa na kinachoingia kinywani.

Zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi, mvua ilinyesha katika bonde moja. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Majani yakaota, yakarefuka, yakafika matumboni. Nyati, mkuu wa wala majani wote, akawaambia wenzake, "Tuhamie huku. Hapa hapana njaa."

Wakahamia. Pofu naye, yule swala mkubwa, akahamia, na wakati huo alikuwa na mimba.

Wakala. Wakala asubuhi, wakala jioni. Matumbo yakajaa, lakini miili haikunawiri. Manyoya yakafifia. Mtu akiinuka, magoti yanamwuma. Akilala, anaogopa kuinuka.

Pofu akazaa ndama jike, akamwita Tunu. Sasa nyinyi mnajua, mtoto wa pofu husimama siku ileile aliyozaliwa, na haichukui siku nyingi anakimbia. Tunu alisimama, akatetemeka, akaanguka, pu! Siku ya pili, pu! Siku ya saba alitembea hatua nne. Mama yake akazihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, pu!

Juu ya kilima aliishi Fisi. Fisi huyu alikuwa na adabu zake. Kila asubuhi alishuka kunywa maji, na akipita kwa Pofu alisimama mbali kidogo.

"Hodi, jirani. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Ameanza kukimbia?"

"Bado."

"Haya. Hakuna haraka. Nitapita tena kesho."

Na kesho alipita. Na kesho kutwa alipita.

Pofu akaenda kwa Nyati. Akamwambia, "Mkuu, mwanangu hana miguu."

"Anayo minne. Nimeiona."

"Anayo minne, lakini haimbebi."

Nyati akacheua, akameza, akasema, "Wewe kula, umnyonyeshe. Majani si haya hapa? Aliyeshiba anakosa nini?"

Pofu akaondoka polepole, kwa magoti yake mabovu.

Ng'ambo ya kijito, chini ya genge la mwamba, palikuwa na shimo la Nungunungu. Wanyama hawakupenda kupita huko. Nungunungu alikuwa na desturi ya kuokota mifupa mikavu na kuitafuna, kwaru, kwaru, kwaru, na wala majani waliona ni aibu. Lakini mama mwenye mtoto mgonjwa hachagui mlango. Pofu akavuka kijito.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Mlango wangu ni mdogo, tuzungumze hapa nje."

"Bwana Nungunungu, nisamehe nikikuuliza. Hiyo mifupa unaitafunia nini? Haina hata nyama."

"Sitafuti nyama," akasema Nungunungu. "Mimi nala mizizi kama nyinyi mnavyokula majani. Nashiba. Lakini nikikaa muda mrefu bila mfupa, meno yananiuma na miiba yangu inakatika ovyo. Kuna kitu ndani ya mfupa. Sikioni, na jina lake silijui. Ni kidogo mno. Lakini kikikosekana, mwili wangu unajua."

Pofu akasema, "Mwanangu anaanguka."

"Nimemwona. Njoo."

Akampeleka mpaka kwenye genge, mahali mwamba ulipojitokeza kama upenu wa nyumba. Chini yake palikuwa na udongo wa rangi ya majivu.

"Mvua iliyowapa majani imeosha udongo wote wa bonde," akasema Nungunungu. "Majani ni marefu, lakini yamejaa maji. Hapa mvua haifiki, na nadhani kile kitu cha mfupani bado kimo. Lamba mara tatu, geuka, nenda zako. Kesho urudi. Maziwa yako yatampelekea mtoto kitu hicho."

"Mara tatu tu? Fisi anapita kila siku."

"Mara tatu tu. Na huenda isisaidie, mama. Mimi ni nungunungu, si mganga. Nakwambia nilichokiona."

Pofu akalamba. Lapu, lapu, lapu. Kwanza uchungu, kisha chumvi, kisha ladha ya jiwe lililonyeshewa. Akageuka, akaenda kumnyonyesha mwanawe.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Siku ya tano Tunu akaenda hatua sita, pu! Siku ya tisa akaenda hatua kumi na mbili, akasimama, akageuka kumtazama mama yake. Hakuanguka.

Asubuhi yake Fisi akapita. "Mtoto ameanza kukimbia?"

"Bado," akasema Pofu.

Fisi akaitazama miguu ya Tunu, akaitazama kwa muda mrefu. "Pengine mimi ndiye niliyechelewa," akasema, akaenda zake.

Habari zikaenea. Wanyama wakaanza kuvuka kijito mmoja mmoja, na Nungunungu akawa anawaambia yaleyale: lamba mara tatu, geuka, nenda zako. Nyati akasikia. Akaja kwa kishindo.

"Kama mara tatu humsimamisha ndama," akasema, "mwili kama wangu utataka mara ngapi?"

"Mara tano, mkuu. Labda sita."

"Mla mifupa hanifundishi kula."

Akachimba kwa pembe. Lapu, lapu, lapu, lapu, akalamba asubuhi nzima. Akaona kulamba kunamchelewesha, akaanza kumeza mabonge. Jua lilipofika utosini, kiu ikambana, akanywa maji, akanywa, akanywa. Tumbo likavimba. Likaunguruma. Nyati akalala kando ya kijito, na siku ile hakuinuka.

Fisi akamwona mkuu amelala. Safari hii hakupiga hodi. Alishuka mchana kweupe, na ndugu zake watatu nyuma yake.

Wanyama wakatawanyika, huyu huku, huyu kule. Fisi wakamzunguka Nyati. Nyati akainua kichwa, wakaona pembe bado ni pembe. Wakamwacha. Wakamgeukia Tunu.

"Kimbia, mwanangu," akasema Pofu.

Tunu akakimbia. Kwata kwata, kwata kwata. Pofu akamfuata nyuma, akiwarushia fisi pembe kulia na kushoto, na moyoni anahesabu hatua. Kumi. Ishirini. Arobaini. Kwenye mawe ya kijito Tunu akajikwaa, akapiga magoti. Pofu akaacha kuhesabu. Tunu akainuka. Akavuka, akafika chini ya genge, akapita mbele ya shimo la Nungunungu.

Nungunungu akatoka, akageuza mgongo, akasimamisha miiba, chwaaa! Fisi wa mbele hakuwahi kusimama. Miiba mitatu ikamwingia puani. Akarudi akilia, na ndugu zake wakarudi naye.

Nyati aliugua siku tatu. Siku ya nne akajikokota mpaka gengeni, amekonda.

"Udongo wako ni sumu," akasema.

"Umemsaidia Tunu," akasema Nungunungu.

"Basi ni dawa."

"Umekulaza wewe."

Nyati akafikiri sana. "Sasa ni kitu gani?"

"Ni kitu kidogo, mkuu, na mahali pake mwilini ni padogo. Wala usiseme udongo peke yake ndio uliomsaidia. Mvua ilikata, majani yakakomaa, mama yake hakukata tamaa. Mimi sijui kipi kilifanya kipi."

"Na mimi nilidhani shibe inatosha," akasema Nyati, kwa sauti ya chini.

Jioni ile Tunu alikimbia tena, na hakuna aliyemfukuza. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka Pofu akamwambia, "Basi, mwanangu. Njoo unyonye."

Haya, wenzangu, mafunzo yake ni haya: tumbo kujaa si mwili kushiba. Viko vitu ambavyo mwili huvitaka kwa chembe tu; vikikosekana unadhoofika, na vikizidi vinauangusha. Usidharau kidogo, wala usikigeuze kikawa kingi.

Mimi hadithi yangu nimeifikisha hapa, na hapa ndipo ilipoishia.