Fundi Vioo na Samaki Aliyenyimwa Mchanga

Wapendwa, nyamazisheni simu kidogo mnipe masikio, maana asubuhi hii nimekuja na samaki.

Kulikuwa na fundi vioo mmoja. Fundi kweli kweli! Madirisha ya nusu ya mtaa yalipita mikononi mwake, na akishaweka kioo lazima akifute, arudi nyuma hatua tatu, akitazame, kisha akifute tena. Kwake yeye kitu kisichoonekana kilikuwa hakipo. Sasa bwana huyu siku moja akamwona dukani samaki anayeitwa taa. Mnamjua taa? Yule bapa, wa mviringo kama sinia, macho juu, mdomo chini tumboni, na mkia mrefu wenye mwiba. Wa baharini wengine wenu mmemla na wali. Lakini huyu alikuwa wa maji baridi, wa mito ya mbali huko, mweusi mwenye madoa meupe, na akiogelea utadhani kanga iliyoanikwa siku ya upepo. Fundi akaduwaa. Moyo ukamdunda kama kijana aliyepelekwa kuona mchumba!

"Huyu lazima nikae naye nyumbani," akasema.

Muuza samaki akamwambia, "Mzee wangu, mchukue. Ila kuna sharti moja usilichezee. Chini ya tangi mwagia mchanga laini, mwingi. Humo hujifukia akalala, humo hutafuta chakula chake kwa tumbo. Na ukiingiza mkono usimbane kwenye kona, ana mwiba."

"Mchanga tu? Hilo nalo ni sharti?"

Basi fundi akalitengeneza tangi mwenyewe, refu kuliko kochi la sebuleni. Mchanga akauosha kwa mabeseni, maji yakitoka machafu anamwaga, anaosha tena, mpaka mkewe akakosa pa kukanyaga. Samaki akatiwa ndani. Na ndugu zangu, ilikuwa raha! Fundi akirudi kazini, hata viatu hajavua, anapiga magoti mbele ya kioo, anatulia. Baada ya muda mchanga unatikisika, macho mawili yanachomoza, halafu mwili mzima unainuka, samaki anakuja kula uduvi mkononi mwake. "Mke wangu, njoo! Njoo uone! Ananijua!" Mtu mzima, analia kwa furaha kwa ajili ya samaki.

Tatizo likaanza siku mafundi wenzake walipomtembelea. Wakainama kwenye tangi, wakatazama kushoto, wakatazama kulia. Mchanga. Wakangoja. Mchanga. Mmoja akamgeukia, "Bwana mkubwa, kumbe unafuga mchanga?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi naye akacheka, huku akifuta kioo ambacho hakikuwa na doa.

Na Jumamosi ile jumuiya ilikuwa isali kwake. Watu thelathini! Waje waone mchanga? Ijumaa akaukomba mchanga wote, punje kwa punje, akamwaga kokoto za marumaru, zile nyeupe zinazong'aa, zinazowekwa kwenye maua mbele ya ofisi. Akafuta kioo. Akarudi nyuma hatua tatu. Wapendwa, ilipendeza! Samaki mweusi juu ya weupe ule, kila doa lilihesabika.

Mkewe akasimama mlangoni. "Si uliambiwa mchanga?"

"Kwa siku moja tu, mke wangu. Wageni wakiondoka namrudishia."

"Na yeye umemwambia kwamba ni siku moja?"

Fundi alikuwa anafuta alama za vidole kwenye kioo.

Jumamosi watu wakajaa. Baada ya sala fundi akafungua pazia lililofunika tangi, na nyumba ikalipuka! Samaki anapanda na kushuka kwenye kioo, anakwenda mwisho anarudi, mabawa yanapepea, hatulii hata kidogo. "Jamani, anacheza!" mama mmoja akapiga kelele. Mwingine akaanzisha pambio, makofi yakapigwa, samaki akazidi kukimbia, na watu wakazidi kuimba. Fundi alisimama kando ya tangi lake kifua mbele. Hajawahi kufurahi vile tangu siku ya harusi yake.

Mkewe alikuwa anakusanya vikombe. Akapita karibu na kioo wakati samaki amejibandika hapo, tumbo nje. Akaliona. Tumbo lile jeupe lilikuwa limechunika, mistari myekundu kila mahali, na mdomo umekwaruzika.

"Mume wangu," akasema, "hachezi. Anatafuta pa kujificha."

Pambio likakatika. Fundi akatazama, akaona damu, akili ikamruka. Akakunja mkono wa shati, akauzamisha mkono majini kuzikomba kokoto zile, huku akimsukumia samaki kwenye kona. Mwiba ukamwingia kwenye kiganja. Ukelele alioupiga ulisikika nyumba ya tatu!

Walimkalisha, wakamtia mkono kwenye beseni la maji ya moto, machozi yanamtiririka. "Mimi! Mimi ninayemlisha kwa mkono huu huu!"

Mkewe akamwambia, "Umemvua nguo mbele za watu. Ulitaka akupe mkono?"

Mkono ulipona. Samaki alirudishiwa mchanga, naye akapona. Lakini mpaka leo fundi akipiga magoti mbele ya kioo hakuna macho yanayochomoza. Anangoja wee, anainuka, anakwenda kuvua viatu.

Mnamcheka? Chekeni, ila sisi je? Mtu anakuja hapa na jeraha lake. Anakaa kimya, anamlilia Mungu wake mahali tusipopaona, na humo ndimo anapolishwa. Sisi tunasema, mbona huyu haonekani? Hana ushuhuda? Tunamvuta mbele. Kuna mmoja tulimvuta, sisemi mwanamume, sisemi mwanamke. Alisimama hapa akatetemeka, akasema mambo ya nyumbani kwake ambayo hakuwa amejiandaa kuyasema, nasi tukapiga vigelegele tukisema Roho amemshukia. Hakurudi. Mzee wa kanisa alipomfuata, alijibiwa kwa ukali, tukasema, kumbe ana kiburi.

Kiburi? Ndugu zangu, ule ulikuwa mwiba wa mtu aliyebanwa kwenye kona!

Nimekwenda kwake juzi. Nimeomba radhi, nikaambiwa, "Mchungaji, nimesikia," mlango ukafungwa. Nitakwenda tena, na sitauliza lini atarudi.

Lakini ngoja. Naona shingo zinageuka. Naona mnaangaliana, mnahesabu ni nani hayupo. Hata sasa, baada ya yote haya, bado mnataka kumwona! Acheni kumtafuta. Geuzeni nyuso zenu huku mbele, mnitazame mimi niliyempa kipaza sauti.