Kifungu cha Tisa cha Madaktari wa Tumbo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyama vingi kuliko zahanati, kulikuwa na Chama cha Madaktari wa Tumbo wa Mbugani. Mwenyekiti wake Daktari Kiboko, katibu wake Daktari Nyati. Msiniulize chama kilikuwa kinafanya nini. Mimi mwenyewe nimeulizia, na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba kilikuwa kinakutana.

Sasa chama hiki kikataka kufunga ushirikiano wa kimataifa na Chama cha Madaktari wa Tumbo wa Nchi za Theluji, ambacho rais wake alikuwa Profesa Dubu. Wale wa theluji wakatanguliza zawadi: sanduku, na ndani yake mpira mrefu mwembamba wenye kijitaa, kijicho na kikoleo mbele, pamoja na skrini yake. Daktari anaupitisha kooni mwa mgonjwa, anaona hadi tumboni. Mbuga nzima haikuwa na mwingine. Sanduku likawekwa ofisini kwa Kiboko, likafunikwa kitenge, juu yake wakaweka birika la chai. Amri ikatoka: lisifunguliwe mpaka mkataba utiwe sahihi.

Kutia sahihi kukaahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza walibishania bendera ipi ikae kulia. Mara ya pili, mgeni rasmi ni nani, kwani wote walikuwa wageni rasmi. Mara ya tatu hata waliobishana hawakujua wanabishania nini, lakini walibishana mpaka chakula cha mchana.

Humo chamani alikuwamo Daktari Pimbi. Mdogo kama kiatu, kasoma miaka sita, cheti anacho, ajira hana. Walimwita daktari wa kujitolea, na mwaka wa tatu huo alikuwa anajitolea kupanga viti na kumimina chai. Nyumbani, mama yake alikuwa anakwisha. Kila alichomeza kilikwama kifuani, gu, kikarudi. Aliacha ugali, akaacha ndizi, na sasa hata uji mwepesi ulikuwa unarudi. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza.

Pimbi akaenda kwa Kiboko kuomba sanduku lifunguliwe, hata nusu saa tu. Kiboko akamweleza kwa upole, tena kwa kirefu, kwamba wako kwenye process. Baada ya sahihi sanduku litakwenda kamati ya ufundi, kamati itaandika mwongozo, mwongozo utapelekwa huko kwenye theluji ukapitiwe, utarudi, utapitiwa tena, halafu, very soon, wagonjwa.

"Very soon ni lini, mzee?"

"Binti, usiwe na haraka. Huu ni ushirikiano wa kimataifa."

"Mama yangu ni wa hapahapa, mzee. Anakufa kienyeji."

Kiboko akacheka, akidhani anataniwa, akaomba aongezewe chai.

Pimbi akaondoka na nakala ya mkataba, kurasa tisini. Akausoma wote, akagundua kwamba yeye ndiye msomaji wa kwanza. Nakala ya mwenyekiti ilikuwa bado imeshikana kurasa kama mkate wa jana.

Siku ya hafla ya kutia sahihi ikafika, na Profesa Dubu akaja na wenzake. Pimbi akapewa kazi ya u-MC, maana wa kukataa hakuwa yeye. Na shughuli zetu mnazijua: aliyeshika maiki ndiye serikali. Akisema simameni, hata mkubwa wa wakubwa anasimama na sambusa mdomoni.

Pimbi akagonga maiki, pu pu pu. Akawasimamisha. Akawaketisha. Akawapigisha makofi wasijue wanampigia nani. Alipoona wamezoea kutii, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndugu viongozi, kabla ya sahihi, sasa tunatekeleza Kifungu cha Tisa."

Kiboko akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Dubu. Dubu akatazama dari. Kila mmoja alijiambia kwamba kifungu hicho kimewekwa na upande wa pili siku ile aliposinzia. Lakini nani asimame mbele ya wageni aseme hajasoma?

"Kifungu muhimu sana," Kiboko akasema. "Tulikijadili kwa kina."

"Indeed," akasema Profesa Dubu. "Sisi ndio tuliosisitiza kiwemo."

"Basi wote mnakumbuka," Pimbi akasema, "kwamba sanduku linafunguliwa hapa, na anapimwa mgonjwa mmoja mbele ya pande zote mbili."

Wote wakakumbuka. Nyati alikumbuka zaidi, akaongeza kwamba hiyo ni aya ya pili.

Sanduku likaletwa, utepe ukachanwa, kraa. Sasa nani ashike mpira? Kiboko akasema mgeni kwanza. Dubu akasema haiwezekani, mwenyeji kwanza. Wakabembelezana hivyo, wakirudi nyuma hatua moja moja, mpaka wote wawili wakagota ukutani. Kumbe tangu waanze kukutana hawakuwahi kugusa mgonjwa. Pimbi akawaambia kifungu kiko wazi: anapima daktari wa cheo cha chini kabisa. Wakashusha pumzi, fyuu.

Mama yake Pimbi, ambaye bintiye alikuwa kamketisha viti vya nyuma tangu asubuhi, akaletwa mbele, akapuliziwa dawa ya ganzi kooni. Pimbi akaupitisha mpira kooni. Kwenye skrini wakaona: njia ya chakula kifuani, nyekundu, imevimba, na katikati mbegu ya ukwaju imekaa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Akaibana kwa kikoleo kidogo, akavuta taratibu. Tok, ikaanguka kwenye sahani.

Wakasubiri ganzi iishe.

"Mama, jaribu maji."

Mama akanywa. Ukumbi mzima ukasikiliza maji yakishuka. Hayakurudi.

"Hizo sambusa," mama akauliza, "ni za viongozi peke yao?"

Wakati wa makofi, Nyati, ambaye mwishowe alikuwa amefungua mkataba, akainama sikioni kwa Kiboko na kumnong'oneza kwamba kifungu cha mwisho ni cha nane.

"Una uhakika?"

"Nimegeuza mara tatu, mzee."

Kiboko akachanganyikiwa. Akisema hakipo, je, kile alichokijadili kwa kina kilikuwa nini? Akamtazama Dubu, akamkuta naye kafika ukurasa wa mwisho, anatokwa jasho ndani ya manyoya yake. Macho yakakutana. Hapo ndipo vyama vile viwili vilipoelewana kwa mara ya kwanza. Kiboko akashika kalamu, na chini ya cha nane akaandika kwa mkono: tisa, sanduku lifunguliwe, wagonjwa wapimwe. Dubu naye akaandika hivyohivyo kwenye nakala yake. Wakatia sahihi. Picha zikapigwa.

Kesho yake foleni ya wagonjwa ilifika mtoni, na aliyekuwa anawapima ni Pimbi. Kwa nini mpaka leo hawajamwajiri, hapo hata mimi sielewi.

Basi wadogo zangu, funzo ni hili: ukitia sahihi usichokisoma, atakayekuongoza ni yule aliyekisoma.