Mkono wa Kushoto wa Mama Pimbi

Paukwa.

— Pakawa.

Palikuwa na jabali.

— Kubwa?

Kubwa, limejaa nyufa, na kila ufa una wenyewe. Sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, aliye mbele asijifanye mlango. Mmekaa?

— Tumekaa.

Basi kaeni kitako, masikio ndiyo yasimame.

Hapo kale, wala si kale sana kwa sababu skauti walikuwapo, ndani ya jabali hilo aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mnene, hana mkia. Mama Pimbi alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, na Sikudhani alikuwa na neno moja tu kinywani.

Asubuhi akiamka: "Mama, niende skauti."

Mchana akitafuna majani: "Mama, niende skauti."

Jioni akiambiwa aingie ndani: "Naingia, mama. Lakini niende skauti."

Skauti wenyewe waliongozwa na Mwalimu Kanga. Kanga hakuhitaji kushonewa sare, alizaliwa nayo, madoadoa tangu shingoni hadi mkiani. Kila Jumamosi alipita chini ya jabali akipuliza filimbi, fyuu, fyuu, na nyuma yake watoto wa digidigi, wa kindi na wa nguchiro, skafu shingoni, kamba kiunoni, lefti, raiti, lefti, raiti. Sikudhani akiwachungulia kutoka juu, miguu yake ilikwenda yenyewe.

Mama Pimbi akapanda kumuuliza mumewe. Baba Pimbi alikuwa juu ya mwamba anaota jua, kama jana, kama juzi.

"Baba Siku, mtoto anataka skauti. Unasemaje?"

"Mama Siku, wewe ndiye mwenye kujua."

"Akilala nje akashikwa na homa?"

"Wewe ndiye mwenye kujua."

"Na nikimkataza akaninunia mwaka mzima?"

"Hapo napo," akasema Baba Pimbi, akageuza ubavu wa pili ili nao upate jua.

Mama Pimbi akashuka. "Mwanangu," akamwambia Sikudhani, "pimbi ni mtu wa nyumbani. Mambo ya kambi tuwaachie wenye miguu mirefu."

"Mama, si ndiyo maana hatuna mkia? Siku ya kugawa mikia babu aliogopa manyunyu, akabaki ndani, akawaambia wenzake wamletee. Walimletea?"

Hakuna pimbi anayependa kukumbushwa habari za mkia.

Lakini kusema kweli, manyunyu hayakuwa tatizo lake, wala homa. Kilichomkera ni salamu. Mwalimu Kanga alipokuja kuzungumza naye, alinyoosha bawa la kushoto.

"Mwalimu, huo ni mkono gani unaonipa?"

"Wa kushoto, Mama Siku. Sisi skauti husalimiana hivi. Ndio mkono ulio karibu na moyo."

"Na ndio ulio karibu na choo."

Kanga akacheka, ke-ke-ke-ke. Mama Pimbi hakucheka. Mikono yake yote miwili aliiweka nyuma.

"Haidhuru," akasema Kanga. "Kesho tunakwenda kambini, mlimani. Tutapita hapa jua likigusa mwamba. Ukimruhusu, mtoto awe chini na mzigo wake. Usipomruhusu, tutampungia mkono tu."

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Nitafikiri," akasema Mama Pimbi, na mama akisema atafikiri, mwajua maana yake.

Kumbe nyasini, mbali kidogo, kulikuwa na Fisi.

Tusimseme vibaya Fisi. Ana tumbo, na tumbo halina likizo. Lakini siku nyingi alikuwa akiwatazama skauti kutoka mbali, na mambo aliyoyaona yalimshinda kuamini. Yeye hutoka jasho kutwa kwa ajili ya ukwato mmoja wa swala. Huyu Kanga anapuliza filimbi tu, na mama mwenyewe anashuka na mtoto, ameogeshwa, ameshiba, na kiazi cha njiani juu. "Na kinachowaita ni kile kitambaa cha shingoni," Fisi akajiambia. Alasiri ile akaona skafu imeanikwa kichakani, akaichukua.

Kesho yake, jua halijagusa mwamba, ikasikika chopi, chopi, chopi.

"Hodi hodi, wenyewe."

"Karibu. Nani?"

"Skauti, mama."

Mama Pimbi akachungulia. Fisi amesimama chini ya ufa, skafu shingoni, manyoya ya kichwani ameyalaza kwa maji. Akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, mama."

Akanyoosha mkono. Mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akakishika kiwiko cha ule wa kulia, kama mtoto aliyelelewa akaleleka.

Moyo wa Mama Pimbi ukalainika kama siagi juani. Hatimaye, skauti mwenye adabu.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Mimi ni msaidizi wa Mwalimu Kanga. Ameniambia nitangulie na watoto, miguu yake mifupi, si unaijua."

"Naijua. Sikudhani, njoo na mzigo wako, umefuatwa."

Ndani ya ufa pakasikika vurugu ya furaha. Mama Pimbi akanyoosha mkono wake wa kulia ampe mgeni, na hapo hapo mkono ukagoma hewani.

Wa kulia?

Jana amegombana na mwalimu mzima kwa sababu skauti hawajui kutoa mkono wa kulia. Leo anapewa wa kulia, na kiwiko juu. Kama huyu ni skauti, adabu hii kaitoa wapi? Akatazama skafu. Akatazama juu ya skafu. Juu ya skafu kulikuwa na meno.

Mama Pimbi hakupiga kelele. Akaurudisha mkono wake polepole, akajikuna nao sikio.

"Baba," akasema, "mwanangu hatoki peke yake. Humu ndani mna watoto wa dada zangu pia, nao ni waoga. Hawashuki mpaka waone skauti mkubwa anafungwa kamba, halafu anajifungua mwenyewe. Kanga huwafanyia kila safari."

"Watoto wengi?" akauliza Fisi.

"Ufa umejaa pomoni."

"Wanene?"

"Hawatembei, baba. Wanabiringika."

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do. "Basi nifungeni, mama. Nifungeni upesi."

Sikudhani akatokeza kichwa. Mama yake akamtazama kwa jicho moja, lile ambalo watoto wote hulijua, na Sikudhani akaelewa. Kamba alikuwa nayo. Mafundo alikuwa nayo pia, kwa sababu kila Jumamosi aliwachungulia skauti wakifunga, kisha akapanda juu kujifunzia kwenye mguu wa baba yake, na baba yake, jua lilivyokuwa tamu, hakuwahi kujua.

Akashuka. Akaanza na miguu ya mbele.

"Inakubana, mjomba?"

"Hainibani. Wanatoka?"

"Wanachungulia," akasema Mama Pimbi. "Miguu ya nyuma."

"Inakubana, mjomba?"

"Kidogo. Wanatoka?"

"Mmoja katoa pua. Mdomo sasa."

"Mdomo wa nini?"

"Wasiogope meno, baba."

"Kweli," akasema Fisi, na hilo ndilo neno lake la mwisho siku ile. Akafungwa ndi, ndi, ndi.

"Haya, mjomba," akasema Sikudhani, "jifungue."

Fisi akavuta. Fundo lile ukilivuta linakaza. Akavuta, likakaza. Akavuta, likakaza. Akavuta kwa nguvu zake zote, akaanguka pu, miguu juu, na ndani ya ufa ule uliojaa pomoni hakikutoka hata kidole.

Fyuu, fyuu. Lefti, raiti. Mwalimu Kanga na skauti wake wakafika, wakamzunguka, wakatazama. Kindi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, leo bado hatujafanya jambo jema."

Maana skauti ana ahadi ya kutenda jambo jema kila siku, na lipendwalo ni kumsaidia mzee.

"Huyu ni mzee?" akauliza Kanga.

"Ana mvi, mwalimu."

"Mzee, ungependa kuvushwa mto?"

"Mm-mm. Mm-mm," akasema Fisi.

"Amekubali mara mbili," akasema Digidigi, na ufito ukapitishwa katikati ya miguu iliyofungwa.

Kanga akamgeukia Mama Pimbi. "Na mtoto, Mama Siku?"

Sikudhani alisimama na mzigo wake kichwani. Kwa mara ya kwanza hakusema neno lake. Mama Pimbi akautazama mkono wake wa kulia, uliobaki kidogo tu upewe Fisi na mtoto juu yake. Akauweka nyuma. Akaufuta wa kushoto kwenye manyoya, pande zote mbili, akamnyooshea Kanga.

"Arudi na shingo yake, mwalimu."

"Atarudi nayo, mama."

Basi Fisi akabebwa ufitoni, Sikudhani akishika mbele, lefti, raiti, mpaka ng'ambo ya mto. Huko akalegezwa fundo moja, mengine akaachiwa ayatafakari, na skauti wakarudi mbio wakipanda mlima kwa nyimbo. Naambiwa mpaka leo Fisi akiulizwa kama anahitaji msaada, hukimbia.

Kelele zilipopungua, sauti ya Baba Pimbi ikatoka juu ya mwamba. "Mama Siku, kuna nini huko chini?"

"Hakuna kitu. Mtoto amekwenda skauti."

"Vizuri. Si nilikwambia wewe ndiye mwenye kujua," akasema, akainuka ageuze ubavu, na mguu wake ulikuwa na fundo. Pu.

Hadithi imefika mwisho, kamba nimeikunja, mwenye kuitaka aifungue.

— Na funzo lake?

Funzo liko wazi. Mtoto asipelekwe skauti, atajifunza kutoa mkono wa kushoto. Akae nyumbani, aseme shikamoo, atoe wa kulia na kiwiko akishike, kama yule mgeni mwenye adabu.

— Lakini huyo alikuwa Fisi.

Nani kasema? Wewe? Mwanangu, hadithi husikilizwa, funzo husemwa tu ili wazazi wenu waturuhusu kusimulia. Haya, njooni mniage, mmoja mmoja.

La, si mkono huo. Ule mwingine.