Mayai Yaliyofika Salama

Washarika wapendwa, leo nina habari za mtu mmoja wa upande wa Tukuyu. Nimempa jina la Ambilikile. Msihangaike kumtafuta ni nani, maana ukoo wake ni mkubwa, na wengine nawaona wamekaa kwenye mabenchi haya.

Ambilikile alikuwa mfugaji wa kuku, na si mfugaji wa kubahatisha. Alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga aliyoiunda mwenyewe kwa friji bovu, balbu nne na feni ndogo, na iliingia mayai sitini. Majirani walimletea mayai yao, naye aliyageuza mara tatu kwa siku bila kukosa, kama mtu anayekunywa dawa. Ukimwonyesha yai kwenye mwanga wa tochi, alikuambia mara moja kama lina mbegu au halina. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na watu wakigombana aliitwa yeye kuwapatanisha. Alikuwa na maneno mazuri ya kupatanisha watu.

Basi mwaka mmoja ukaingia mdondo, ule ugonjwa unaompinda kuku shingo asubuhi, na mchana unamzika. Katika wiki mbili banda la Ambilikile likawa tupu. Hakubaki jogoo wa kuwika wala kuku wa kuatamia. Na katika kuku wale waliokufa walikuwamo vishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni, mbegu aliyoiacha mama yake mzazi. Mama yule alivipenda vishingo vyake mno. Ambilikile alifukia kuku siku nzima, lakini alipofika kwenye vishingo alikaa chini.

Mkewe, anaitwa Lugano, alijua jambo moja ambalo mumewe hakutaka kulisikia. Mbegu ile ilikuwepo bado mahali pengine. Ilikuwa Iramba, huko Singida, kwa dada mkubwa wa Ambilikile, Subilaga, aliyeolewa huko. Mama yao alipozeeka alikwenda kukaa na binti yake, na aliondoka na kuku watatu ndani ya tenga.

Kwa nini Ambilikile hakutaka kulisikia? Kwa sababu mama alifia hukohuko Iramba. Ambilikile alipewa taarifa, akapanda basi siku hiyohiyo, basi likaharibika njiani, na alipofika kwa dada yake alikuta kaburi limeshafunikwa na watu wanakunywa chai. Hakuingia ndani. Hakumpa dada yake mkono. Aligeuza, akarudi stendi, na tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka minne hajapiga simu wala kupokea. Nanyi mnajua kwetu sisi maana ya mtu kuzikiwa mama yake bila yeye kuwepo. Siwaambii kwamba hakuwa na sababu ya kuumia. Aliumia kweli.

Lugano akampigia wifi yake kimya kimya, akamweleza hali ya banda. Hakuomba mengi. Aliuliza tu kama mbegu ya mama ipo. Subilaga akajibu kwamba ipo, na kwamba atatuma.

Sasa, mnajua kazi ya kutuma mayai ya kutotoa? Mayai ya kula unayafunga vyovyote, likivunjika moja, basi. Mayai ya kutotoa yana uhai uliolala ndani. Yakipigwa na jua yanaharibika, yakitikiswa sana yanaharibika, na kila siku inayopita uhai ule unapungua. Subilaga alikusanya mayai kwa siku sita, kila yai akaliandika tarehe kwa penseli. Akaacha machafu, akaacha yenye ganda jembamba, akapata thelathini. Akalifunga kila moja kwa gazeti, ncha nyembamba ikiangalia chini, akayapanga kwenye boksi lililojaa maranda ya mbao. Kisha akalipeleka boksi mwenyewe mpaka stendi na kumwomba kondakta alikalishe karibu na kiti chake, mbali na injini. Boksi likapita Itigi, likapita Chunya, likashushwa Mbeya na kupakiwa gari lingine mpaka Tukuyu. Siku mbili za vumbi na makorongo.

Lugano alipolifungua, Ambilikile akiwa amesimama pembeni, hakukuwa na yai hata moja lililopata ufa. Juu ya maranda palikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wa Subilaga: "Ni kuku wa mama. Yapumzishe kwanza, ndipo uyaweke."

Ambilikile alisoma, akarudisha karatasi ndani ya boksi.

Na ushauri ule ulikuwa sahihi. Mayai yaliyosafiri hupumzishwa siku moja yatulie, ndipo yaingizwe kwenye mashine. Ambilikile aliijua kanuni hiyo kuliko yeyote mtaani kwake. Akaliweka boksi juu ya kabati la jikoni, akamwambia mkewe kwamba yanapumzika.

Kesho yake Lugano aliuliza. Akajibiwa kwamba mashine lazima isafishwe kwa dawa kwanza, kwa sababu ya mdondo. Hilo nalo lilikuwa kweli. Siku tatu baadaye aliuliza tena, akajibiwa kwamba balbu moja imeungua. Ilikuwa imeungua kweli. Wiki iliyofuata umeme ulikatika mara mbili, na Ambilikile akasema hawezi kuingiza mayai wakati umeme hautabiriki. Kisha kukawa na harusi, kisha kikao cha wazee. Kila sababu aliyoitoa, ndugu zangu, ilikuwa sababu ya kweli. Hakusema uongo hata mara moja. Na boksi lilikuwa juu ya kabati, jiko la kuni likilipasha joto mchana, baridi ya Tukuyu ikilipoza usiku, siku kumi na sita.

Siku ya kumi na sita Subilaga alimpigia Lugano kuuliza mayai yanaendeleaje. Lugano alisema atapiga baadaye, akaaga. Jioni alimwambia mumewe, tena bila kupandisha sauti, "Baba Lusajo, mimi sitamdanganya wifi yangu. Ama uyaweke leo, ama umpigie mwenyewe umwambie huyataki."

Akayaweka. Kwa mtu kama yeye, kuyaweka ilikuwa rahisi kuliko kupiga simu.

Akafanya kazi yote kwa ukamilifu. Joto sawa, maji ya unyevu sawa, kugeuza mara tatu kwa siku. Siku ya saba aliyapima kwa tochi, akaona mengi ni meupe ndani, hayana hata mshipa mmoja. Moyoni, na haya alikuja kuyakiri mwenyewe baadaye, alisikia kitu kama kuridhika. Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga watatu, shingo wazi, wazima kabisa. Mayai ishirini na saba yalikuwa ya kutupa.

Hapo ndipo Ambilikile alipochukua simu. Miaka minne hakumpigia dada yake kumpa pole ya mama, wala kupokea pole ya mama. Lakini siku ile alikuwa na la kusema.

"Dada, mayai yako yamekufa. Yalifia njiani, kama hayakuwa mabovu tangu huko."

Subilaga hakueleza jinsi alivyoyafunga, hakumtaja kondakta. Akasema, "Pole, mdogo wangu. Nitakusanya mengine."

Ambilikile akakata simu akijiona ameshinda kesi.

Baada ya siku mbili alikuja afisa mifugo wa kata, mama mmoja mpole, kuwapa vifaranga wale watatu chanjo ya matone. Ambilikile akamwonyesha trei ya mayai ambayo hayakutotoa, akamweleza ubovu wa kusafirisha mayai kwa basi. Yule mama hakubisha. Akaomba sahani na kisu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuyavunja moja moja. La kwanza, la pili, mpaka la kumi. Alikuwa anatazama kiini, anatazama sehemu ya hewa, anatazama ganda kwa ndani. Kisha akayasoma maganda, zile tarehe za penseli.

"Baba, mayai haya hayakuumia safarini," alisema. "Yangeumia, ningeona hapa. Haya yamekauka kwa kukaa. Na hawa watatu wanakuambia mbegu ilikuwa nzuri. Yalikufikia lini?"

Ambilikile alitaja siku.

"Na mashineni yaliingia lini?"

Ambilikile alimtazama mkewe. Lugano alikuwa mlangoni, naye hakumsaidia. Afisa alinawa mikono, akawadondoshea vifaranga dawa machoni, akaaga. Hakuwa na haja ya kuuliza tena.

Ambilikile alibaki amekaa mbele ya sahani ile. Baadaye aliniambia kwamba hakuwaza kuku. Aliwaza kwamba dada yake alimnyooshea mkono kutoka Iramba, mkono ukafika mzima, na yeye ndiye aliyeuacha ukaoza. Kisha akampigia simu akamlaumu kwa harufu.

Akampigia mara ya pili. Safari hii alichukua muda mrefu kabla ya kubonyeza jina.

"Dada," alisema, "mayai hayakufia njiani. Yalikaa kwangu siku kumi na sita. Niliyaacha kwa makusudi, na nikajifanya sijui."

Kisha akauliza swali alilopaswa kuliuliza miaka minne nyuma. Aliuliza siku ile ya mazishi ilikuwaje.

Subilaga akamweleza. Kijijini kwao hapakuwa na mahali pa kuhifadhi mwili, na wazee wa ukweni walipanga mazishi yafanyike saa sita mchana. Yeye alikataa. Alikaa chini kando ya jeneza, akasema hawatambeba mama mpaka mdogo wake afike. Wakamsubiri mpaka saa saba, saa nane, saa tisa. Saa kumi mchungaji alimwinua kwa mikono yake mwenyewe. Ambilikile alifika saa kumi na moja.

"Ningekuambia," Subilaga alisema, "lakini hukuingia ndani."

Washarika, yule mwanamume alilia. Miaka minne alimchukia mtu aliyemshikia jeneza kwa saa nne.

Mwezi uliofuata alisafiri na mkewe mpaka Iramba. Aliingia ndani ya nyumba. Alikunywa chai. Alipelekwa kwenye kaburi la mama, akalikuta limefagiliwa. Wakakaa juma zima, na siku ya kuondoka Subilaga aliwafungia mayai mengine thelathini. Walipofika kwao yalipumzika siku moja, kisha yakaingizwa kwenye mashine. Yalitotoa ishirini na nne. Leo ukipita kwa Ambilikile vishingo vimejaa uwanja mzima, na akigawa mbegu kwa jirani humwambia siku ya kuiweka.

Sasa nigeukie kwetu sisi.

Mnadhani nimewasimulia habari za mtu mwenye chuki? Ambilikile hakulitupa lile boksi. Angeona aibu kulitupa. Hakulirudisha. Hakusema sisamehe. Alilipokea, akaliweka mahali pazuri, akasema linapumzika. Na sisi je? Ni nani hapa amewahi kusimama akatangaza kwamba hatasamehe? Hakuna. Sisi tunaimba, tunaombeana, tunapeana mikono ya amani. Tunachofanya ni kuahirisha. Mdogo wako alikutumia ujumbe mwezi wa nne, ukausoma, ukasema utajibu ukitulia. Mama mkwe alikuletea ndizi, ukapokea ndizi, ukasema mazungumzo yatafuata. Mliyegombana naye kwenye kwaya alikuja nyumbani kwako, ukasema una kikao. Na kilikuwepo kikao kweli. Sababu zetu zote ni za kweli. Ndiyo maana zinatuua polepole, wala hatusikii maumivu.

Kisha siku moja tunaamka tunakuta upendo umekufa, na tunamlaumu aliyeuleta. Tunasema hakuwa na nia njema. Tunasema alikuja kwa unafiki. Tunafika mpaka kumlaumu Mungu, kwamba tumeomba amani ndani ya ukoo na hajatujibu. Ndugu yangu, amekujibu! Jibu lilifika kwako zima, halina ufa. Unaliweka lini?

Maana yake ni kwamba msamaha hauharibiki njiani. Mungu anajua kufunga mizigo yake. Amewatuma watu wamekusanya, wamechagua kilicho bora, wamekufungia kwa uangalifu, wamepita vumbi na makorongo mpaka mlangoni kwako. Kazi iliyobaki ni ndogo, na ni yako, na ina siku zake. Na wewe uliyetuma ukalaumiwa bila kosa, nakuambia neno moja: Subilaga alisema atakusanya mengine. Na wewe kusanya mengine.

Jumapili ijayo tunakaribia meza ya Bwana. Sitaki mtu aikaribie akiwa bado anatafuta nafasi. Kwa hiyo leo nimefanya jambo ambalo wazee wa kanisa hawajalizoea. Nimeondoa matangazo, nimeondoa nyimbo mbili za mwisho, na mahubiri yenyewe yanaishia hapa. Mmepata nusu saa ambayo hamkuitegemea. Kila mmoja wetu analijua jina la mtu wake. Simameni tuombe kwa kifupi, kisha tokeni nje mkapige simu.